Dishi la Taifa na Bonde Lisilo na Uhai

Nawapa hadithi, nanyi nipeni masikio tu. Kuitikia acheni, maana huku ninakotoka kuitikia kwa sauti ni kosa, na sitaki kumponza mtu. Jina la nchi silitaji. Si kwamba naogopa, la. Ni kwamba nina mama, na mama ana mbuzi wawili, na wote watatu wananitegemea.

Basi, katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mambo ya Juu. Ilianzishwa baada ya wizara nyingine zote kugawanywa, akabaki mheshimiwa mmoja mkononi kama chenji. Ikaonekana si vizuri mtu mzima mwenye kitambi kile akae nyumbani. Mheshimiwa huyo aliitwa Festo Kwilasa. Kazi yake ilikuwa kufungua semina, kufunga semina, na katikati kula. Alikula, ndugu zangu! Alikuwa akihutubia huku paja la kuku liko mkononi, mafuta yanamteremka kidevuni mpaka kwenye tai, na msaidizi amesimama pembeni na kitambaa, anasubiri nukta ili afute. Kwa bahati mbaya hotuba zake hazikuwa na nukta.

Siku moja Mheshimiwa alirudi kutoka ng'ambo amenuna. Waandishi wa habari wakamuuliza pale uwanja wa ndege, "Mheshimiwa, umetuletea nini?"

"Aibu," akasema. "Wenzetu wote wanatafuta uhai angani. Wana mitambo, wana wataalamu, wanazisikiliza nyota kama kuna yeyote atakayesema neno. Hata hawa majirani zetu, ambao mpaka juzi walikuwa wanakuja kuomba chumvi kwetu, nao wameanza! Sisi tunatafuta nini? Nauliza, taifa hili linatafuta nini?"

Mwandishi mmoja, mgeni kazini, akajibu, "Maji, Mheshimiwa."

Mwandishi huyo siku hizi anauza vocha za simu.

Bunge likapitisha Mpango wa Taifa wa Kutafuta Uhai kwa kugonga meza. Mbunge mmoja aliyekuwa amesinzia aliamshwa na kelele za meza, naye akagonga mara mbili: moja ya kuunga mkono mpango, nyingine ya kuonyesha kwamba hakuwa amelala. Likaagizwa dishi kubwa, jeupe, mdomo wake unaweza kumeza uwanja wa mpira. Na kwa kuwa mtu mmoja wizarani alitakiwa ajue ni la nini, akaajiriwa Dakta Zulfa Mkilindi, mwanamama aliyeyasomea mambo hayo mpaka miwani ikawa mizito. Alijua kazi yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Kwenye kikao cha kwanza Dakta Zulfa akaeleza, "Tunahitaji sehemu tulivu. Lakini tuelewane. Dishi halisikii sauti, halina masikio. Linapokea mawimbi ya redio. Linasumbuliwa na simu, na mitambo ya umeme, na cheche za injini za petroli. Jogoo hata awike mpaka apasuke, halimsikii."

"Asante sana, Dakta," akasema Waziri, akamgeukia Afisa Itifaki wake, Bwana Chogo. "Andika: majogoo marufuku."

*

Sehemu tulivu ilipatikana. Ni Bonde la Mkole, na huko ndiko kwetu. Milima imelizunguka pande zote, simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, na barabara iliahidiwa na watu ambao wengine wameshafariki. Kilichobaki ni tatizo moja dogo, nalo lilikuwa sisi. Sheria inasema eneo likiwa na watu, lazima wahamishwe na walipwe fidia. Likiwa halina, sheria haisemi kitu. Serikali ikapima pande zote mbili, ikaona heri tusiwepo.

Wakaja wakasimika kibao njia panda: ENEO TULIVU LA TAIFA. HAKUNA UHAI. KAA KIMYA. Tukakisoma kwa zamu, waliosoma wakiwasomea wasiojua, na mzee mmoja akauliza kama tangazo hilo linahusu na kuku.

Waziri mwenyewe alikuja kukizindua kibao. Tulisimama juani toka asubuhi, tukaimba, tukacheza, maana hatukuwa bado tumezoea kutokuwepo. Alipofika akateremka garini, akapewa chupa ya maji. Akasukutua. Tuliyasikia maji yakizunguka mle mashavuni, gulu gulu gulu, wanawake wameshika ndoo tupu wanayaangalia kama wanaangalia harusi. Kisha akayatema. Pwaa! Yakaangukia miguuni pa Bibi Nyamizi, na ndani yake mna kipande cha nyama.

Bibi Nyamizi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mfupi, mkavu, na ulimi wake unaweza kumenya muhogo. Akautazama ule mkojo wa mdomo pale chini. Halafu akainua kichwa, akasema kwa sauti, "Marahaba, mwanangu!"

Waziri hakuwa amesema shikamoo. Akababaika, "Eeh... shikamoo."

"Nimeshaitikia. Karibu. Umekuja kutuua ama kutuzika? Maana kibao nimesomewa."

Bwana Chogo akaingilia. Bwana Chogo alikuwa mrefu, mwembamba, ana suti ya rangi ya ini, na alikuwa akitabasamu hata akiwa anapiga chafya. "Bibi, hiyo ni lugha ya kitaalamu tu. Ninyi mpo, ila kiutaratibu hampo."

"Na pampu yetu je? Nayo ipo kiutaratibu?"

Niwaambie kuhusu pampu. Ilikuwa ya petroli, ndogo, nyekundu, akina mama waliinunua kwa kuuza karanga misimu mingi. Ilivuta maji ya kisima kirefu, maji safi ambayo ukiyatia kwenye glasi unadhani glasi iko tupu. Tuliiita Kikohozi, kwa sababu ukivuta kamba ilikohoa mara tatu, ikanyamaza, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, na iliendelea hivyo mpaka ipate akili ya kuwaka. Shija, mjukuu wa Bibi Nyamizi, alikuwa anaiigiza. Kitoto cha miaka minne, kinakaa juu ya jiwe na tumbo wazi, kinakohoa: koh koh koh, kimya, koh koh, kisha kinacheka mpaka kinaanguka.

"Injini ni marufuku," akasema Chogo, akitabasamu.

"Tutachota wapi?"

"Nimeambiwa kuna bwawa."

"Bwawa la nguruwe pori?"

"Bibi, bwawa ni bwawa."

Hilo bwawa, ndugu msikilizaji, kama umekula subiri kwanza. Maji yake yana rangi ya chai iliyosahaulika chini ya kitanda, na juu yana ukoko. Ukitaka kuchota unausukuma ukoko kwa kata, nao unatoa pumzi kama mlevi, halafu unaona vitu vinaogelea ambavyo havikukutarajia. Nguruwe wanaingia wanajigaragaza, wanafanya na yale mengine, wanatoka wanakuangalia kama wewe ndiye mchafu. Tuliyachuja kwa khanga. Khanga zikaanza kunuka. Tukayachemsha. Nyumba zikaanza kunuka.

Dishi likasimikwa juu ya kilima, askari wakapiga kambi kando yake, na amri nyingine zikafuata. Majogoo walikamatwa wote, wakahojiwa na askari kwenye sufuria. Kutwanga kukapigwa marufuku, tukawa tunasaga polepole kama wezi. Kupiga chafya ruhusa, ila kwa kuziba pua. Na msibani, kilio kiwe cha moyoni. Dakta Zulfa alipanda gari mpaka mjini kwenda kueleza tena kwamba dishi halisikii sauti. Wakamsikiliza kwa heshima, wakampa soda, wakaongeza mbwa kwenye orodha.

*

Tukavumilia, sisi ni watu wa kuvumilia. Lakini watoto walianza kuhara. Shija naye akaanza, akakonda, shingo ikawa nyembamba kama bua, akawa hakohoi tena juu ya jiwe lake. Hapo Bibi Nyamizi akasema, "Waende zao na kimya chao." Akina mama wakaitoa Kikohozi chini ya mabua ya mahindi walikokuwa wameificha, wakapanga wakati. Walikuwa wanaiwasha saa ya askari kula mchana. Askari wakila wali wetu na kuku wetu walikuwa wanalala kifudifudi, hata nyota ingewaangukia mgongoni wasingegeuka.

Kila mchana, basi, bondeni: koh koh koh. Kimya. Koh koh. Maji yakatoka. Watoto wakaanza kupata nafuu, Shija akaomba uji.

Na kila mchana, juu kilimani, kwenye chumba cha dishi, mshale wa kipimo ukaruka. Mara tatu. Ukatulia. Mara mbili.

Dakta Zulfa alitoka nje, akatazama chini bondeni, akaona kamoshi ka bluu kanapanda nyuma ya nyumba ya Bibi Nyamizi. Akarudi ndani, akakaa kimya kama mtu asiyeona. Kosa lake la pili: alikuwa na utu. Ila vijana wa wizara waliowekwa mle kumchunga walikuwa wameshakimbiza habari mjini kwa gari, na kabla ya jioni Waziri alifika akihema, kidevu kinang'aa.

"Wamesema!" akapiga kelele. "Uhai umesema!"

"Mheshimiwa," akasema Dakta Zulfa, "hii haitoki angani. Ni cheche za injini. Ni kitu cha hapa hapa chini."

"Chini wapi?"

"Karibu tu."

"Dakta, soma kibao. Hapa chini hakuna uhai. Nilikizindua mwenyewe."

"Lakini kitaalamu—"

"Umeajiriwa kutafuta uhai, hukuajiriwa kuukanusha! Tatu, halafu mbili. Tatu na mbili. Chogo, hii ni nini?"

Chogo akatabasamu, akafikiri, akatabasamu tena. "Thelathini na mbili, Mheshimiwa. Chama chetu mwaka huu kinatimiza miaka thelathini na mbili."

Waziri akakaa chini. Machozi yakamtoka, yakapita njia ile ile ya mafuta. "Wanatupongeza," akanong'ona. "Toka huko mbali. Wakati wapinzani wa hapa hapa wameshindwa."

*

Nchi ile ina desturi moja ambayo haijawahi kuishinda: kupokea wageni. Haijui kuwatibu watu, haijui kuwasomesha, ila mgeni akija utadhani nchi nzima ilizaliwa kwa ajili yake. Ikaamuliwa kwamba mwenye kutoa pongezi hakosi kuwa yuko njiani, na Siku ya Mapokezi ikatangazwa.

Mgogoro ukawa skafu. Kwa desturi yetu mgeni rasmi huvishwa skafu shingoni na mtoto wa chipukizi. Je, mgeni wa angani ana shingo? Na kama ana shingo tatu, skafu ni moja ama tatu, na inaanza ya kulia ama ya kushoto? Ikaundwa Kamati ya Shingo. Ikaenda kujifunza kwenye visiwa vyenye fukwe nzuri, ikarudi imeungua mabega, ikashauri kwamba suala linahitaji safari nyingine.

Zikachapishwa khanga. Katikati zina picha ya dishi upande mmoja na Waziri upande mwingine, na ukiangalia haraka huwezi kujua lipi ni lipi. Chini imeandikwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Mawe ya barabarani yakapakwa chokaa. Chokaa inataka maji, basi likaja lori la maji. Maji masafi! Lilikuwa na kazi mbili, kukoroga chokaa na kumwagia barabara ili vumbi lisiwachafue mabalozi. Akina mama walipoliona walikimbia na ndoo, wakalifuata nyuma kama vifaranga. Askari wakawacharaza fimbo za migongoni. "Rudini nyuma! Haya ni maji ya barabara!" Nilimwona mama mmoja amepiga magoti kwenye matope yale, anayakinga maji kwa viganja kabla hayajanywewa na mchanga, anampa mwanawe. Dereva alipiga honi akicheka. Mimi ni mtu wa utani, mnanijua, lakini siku ile utani ulinikaa kooni kama mfupa wa samaki, sikuumeza wala sikuutema.

*

Siku ya Mapokezi ikafika. Mahema, viti vyenye mashuka, mabalozi, viongozi wa dini zote wakigombania nani aombe kwanza. Pilau ilinukia mpaka bondeni. Skrini kubwa iliwekwa ili kila mtu auone mshale ukiruka.

Sasa Bwana Chogo alikuwa mtu wa kufikiria kila kitu. Asubuhi ile akawaza: mgeni asije akasikia kelele yoyote. Akaagiza askari wapite bondeni kwa mara ya mwisho, nyumba hadi nyumba. Wakapita. Wakapekua mabua. Wakaikuta Kikohozi, wakaibeba, wakaitupa nyuma ya pikapu, wakaiegesha nyuma ya hema la chakula. Chogo akasaini kazi imekamilika.

Saa ya chakula cha mchana mabalozi wakatulia, macho kwenye skrini. Mshale ukalala. Wakasubiri. Mshale ukazidi kulala, tena ule usingizi wa askari wetu.

Waziri akasimama kupoza hali ya hewa kwa hotuba. "Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa. Mgeni wetu yuko njiani. Foleni za huko juu si mchezo." Akahutubia jua likasogea. Akahutubia pilau ikapoa, nzi wakaja, wakala, wakaondoka. Balozi mmoja alikuwa anatafuna vitumbua kwa ajili ya kujizuia kupiga miayo.

Ndipo Bibi Nyamizi akaingia. Alipita katikati ya mahema peku, Shija yuko mgongoni kwenye mbeleko, kichwa kimelala upande. Kisima kilikuwa hakina pampu tangu asubuhi, na usiku wa kuamkia siku ile ugonjwa ulikuwa umemrudia mtoto.

"Marahaba, wanangu wote!" akasema. Hakuna aliyekuwa amemsalimia. "Naomba pampu yangu. Mtoto ana kiu."

Waziri akamwuliza Chogo pembeni, "Huyu bibi ni nani?"

Chogo akamtazama Bibi Nyamizi moja kwa moja, kama mtu anavyotazama kioo cha dirisha. "Bibi gani, Mheshimiwa?"

Hapo Dakta Zulfa akafanya kosa lake la tatu. Alitembea mpaka kwenye pikapu, akapanda na gauni lake, akashika kamba ya Kikohozi, akavuta.

Koh koh koh. Kimya. Koh koh.

Kwenye skrini mshale ukaruka mara tatu. Ukatulia. Ukaruka mara mbili.

Jamani! Mabalozi wakaitazama skrini, wakaitazama pikapu, wakaitazama skrini. Tukasema basi, leo wameumbuka. Tukaanza kabisa kutabasamu. Lakini hatukuwa tumemjua Mheshimiwa Kwilasa. Akafuta kidevu kwa kiganja, akauliza polepole:

"Chogo. Kitu hicho kimekutwa wapi?"

"Bondeni, Mheshimiwa."

"Bondeni kuna uhai?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Kuna mtu wa kukinunua, kukileta, kukimiliki?"

"Kiutaratibu hakuna."

"Basi kimetoka wapi?"

Chogo akainua macho mbinguni. Askari wakainua macho. Viongozi wa dini wakainua macho, wao wamezoea. Na mabalozi, ambao vitumbua vilikuwa vimeshawaingia, wakaona heri kupiga makofi kuliko kurudi makwao na maelezo.

"Ina kibandiko cha kiwanda!" akalia Dakta Zulfa. "Ina mahali pa kutia petroli!"

"Dakta," akasema Waziri kwa huzuni, "unadhani huko juu hawana viwanda? Acha dharau."

Mtoto wa chipukizi akaletwa na skafu. Akaizunguka Kikohozi mara kadhaa, akatafuta shingo, akakosa, akaangua kilio. Kamati ya Shingo ikapata safari yake. Kikohozi ikafungwa vizuri kwenye gari la wazi, ving'ora mbele, ving'ora nyuma, ikaenda mji mkuu. Dakta Zulfa akahamishiwa idara ya kukagua nyota za mahoteli. Walipoondoka tukaokota mabaki: mifupa, na khanga zilizobaki kwenye maboksi, maana hatukuwa na nguo zisizonuka.

*

Bibi Nyamizi alimwacha Shija kwa mama yangu. "Mpe uji mwepesi," akasema. "Naenda kuifuata. Nikirudi nayo atakuwa anakohoa juu ya jiwe." Akadandia lori la mkaa.

Haya mengine nimeyapata kwa dereva wa lori hilo, aliyemsindikiza mpaka mlangoni kwa sababu mji mkuu ni mkubwa na bibi hakuwa na viatu.

Kikohozi walikuwa wameijengea nyumba ya vioo. Ina kiyoyozi. Ina zulia. Mbele yake wametengeneza chemchemi ya mapambo, maji yanaruka juu mchana kutwa, yanaanguka, yanaruka tena, hakuna anayeyanywa. Wanafunzi wanapita kwa mistari, wanaiinamia pampu, wanapewa peremende.

Bibi Nyamizi alianza na chemchemi. Akapiga magoti, akanywa kwa kiganja. Kisha akaruka kamba, akaingia kwenye kioo, akashika mpini wa Kikohozi.

"Mama, mama!" mlinzi akamkimbilia, akamshika mkono. "Huyo ni mgeni wa taifa!"

"Mgeni? Huyu nimemnunua kwa karanga, mwanangu. Nishikie huku tumbebe."

"Wewe unatoka wapi?"

"Bonde la Mkole."

Mlinzi akaachia mkono wake. Watu wakarudi nyuma. Waandishi wa habari, ambao hawakosi pale, wakawasha kamera zao. Akaitwa Chogo. Akaitwa Waziri, akaja na kipande cha sambusa bado kiko shavuni.

"Anasema anatoka Bonde la Mkole," akanong'ona Chogo, na kwa mara ya kwanza tabasamu lilimtoka.

Waziri akatafuna, akafikiri. Akimkana, kamera zinamwona. Akimkubali kuwa ni mtu wa bondeni, basi bondeni kuna watu, na kibao ni uongo, na pampu ni pampu. Akameza sambusa. Uso ukamng'aa.

"Bondeni hakuna uhai," akasema kwa sauti ya redioni. "Huyu ana uhai, ninyi mashahidi. Anatembea, anapumua. Ndugu wananchi, mitambo yetu imefanya kazi. Tumepata!" Akaangalia vizuri. "Na ana shingo!"

Mtoto wa chipukizi akaletwa mbio. Skafu ikavishwa. Makofi yakapigwa mpaka vioo vikatetemeka.

"Mgeni wetu," akasema Waziri akimwinamia, "wananchi wanasubiri ujumbe wako."

"Maji," akasema Bibi Nyamizi. "Nirudishieni pampu yangu. Kwetu hakuna maji."

Waziri akamgeukia Chogo. "Amesema nini?"

"Bado haijafahamika, Mheshimiwa. Ni lugha ya huko."

"Mbona inafanana na Kiswahili?" akauliza mlinzi.

"Inafanana," akasema Chogo, tabasamu limeshamrudia, "lakini siyo."

Mlinzi naye sasa anauza vocha. Dereva wa lori alijaribu kusema anamjua bibi yule, akaulizwa kama naye ametoka huko juu, akaona aende zake. Bibi Nyamizi akaingizwa kwenye kioo, kando ya Kikohozi, akawekewa kitanda. Kamati ya Tafsiri ikaundwa, na kwa vile lugha ni jambo zito, ikasafiri.

*

Juzi askari wa dishi walikuwa wanasikiliza redio. Redio yao haizuiwi, maana ni ya serikali na mawimbi yake ni ya kizalendo. Mtangazaji akasema sasa itarushwa sauti ya mgeni, na mwananchi yeyote atakayeielewa ajitokeze alisaidie taifa. Tukasogea kwenye ua wa kambi, tukajibanza, mimi na mama na akina mama wengine.

Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Maji," ikasema. "Nimewaambia maji." Ikanyamaza. Halafu ikauliza, taratibu, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya pili: "Na Shija wangu, ameamkaje?"

Mtangazaji akaeleza kwamba sehemu ya kwanza wataalamu wanaihisi kuwa ni salamu, na ya pili huenda ni jina la nyota.

Sisi tulielewa yote. Mama alifungua mdomo ajibu, nikamshika mkono. Angejibu nani? Bondeni hakuna watu. Na jibu lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mchanga wake bado mbichi. Shija tulimzika Jumanne. Akina mama walikuwa wameziuma zile khanga mpya, mgeni njoo mwenyeji apone, wameziuma kwa meno yote ili kilio kisitoke, maana kule juu ya kilima dishi lilikuwa limefunguliwa lote, linasikiliza.